Charlotte na Marehemu Wake: Siku Nane kutoka Thornton hadi Brussels

Alhamisi, Juni 12. Thornton

Nimekuja na nakala ileile ya *Jane Eyre*, riwaya ya Charlotte Brontë. Jalada lilichomoka nikiwa kidato cha tano nikalishona kwa uzi mweusi, na ukurasa ambapo Helen Burns, rafiki wa Jane shuleni, anafariki una doa la mafuta ya taa. Binti wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi hapa Bradford, alikishika kitabu kama mtu ashikavyo yai. "Shangazi, umekibeba hiki kutoka Tanga?" Nimekibeba. Nimefundisha fasihi miaka 26, na kila mwaka, tukimaliza kusoma *Jane Eyre*, yupo mwanafunzi anayenyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, haya yalimtokea kweli?" Nilikuwa najibu kwa maneno niliyoyatoa vitabuni. Safari hii nimekuja kupaona.

Thornton ni kijiji cha kilimani, nje kidogo ya mji. Nyumba ya Market Street imebanwa na za majirani, mawe yake yamekula moshi wa viwanda vya zamani. Humo alizaliwa Charlotte Brontë Aprili 21, 1816, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake, Patrick, alitoka familia ya wakulima maskini wa Ireland. Alisoma mpaka Cambridge, akawa kasisi wa Anglikana, na njiani akaliandika upya jina la ukoo hadi likawa hili tunalolijua. Mama, Maria Branwell, alitoka Penzance, mji wa bahari kusini kabisa mwa Uingereza. Mwaka huu wa 2025 nyumba imefunguliwa kwa wageni. Nilisimama mbele ya meko ambapo inasemekana watoto walizaliwa, nikatoka. Walihama Aprili 1820, Charlotte akiwa na miaka minne tu, na sioni kitu cha hapa kilichoingia katika riwaya zake. Mambo yake yako Haworth.

Ijumaa, Juni 13. Haworth

Kutoka Keighley basi linapanda tu. Barabara kuu ya Haworth imetandikwa mawe na ina mwinuko wa kumkatisha mtu pumzi. Ukifika juu unakuta kanisa, makaburi na nyumba ya kasisi, vyote mahali pamoja. Nilijua kwamba waliishi jirani na makaburi. Sikujua kwamba ukisimama kwenye dirisha la chumba walichochezea utotoni, makaburi ndiyo mtazamo wenyewe. Mabamba ya mawe yamelala chini yakigusana kama mikeka siku ya maulidi.

Mwaka 1850 alikuja mkaguzi wa afya, Benjamin Babbage, kwa sababu kasisi Brontë mwenyewe aliiomba serikali itazame maji ya mji wake. Babbage alikuta kwamba wastani wa umri wa kufa Haworth haukufika miaka 26, na kwamba watoto zaidi ya 4 katika kila 10 hawakutimiza miaka sita. Vyoo vilikuwa vichache mno na uchafu ulivuja hadi kwenye maji. Wasomaji wengi husema Charlotte alipenda mno vifo katika vitabu vyake. Wangesoma ripoti hii kwanza. Mtoto wa Haworth alisikia kengele ya mazishi kama sisi tunavyosikia jogoo.

Mama yao alifariki Septemba 1821, Charlotte akiwa na miaka mitano. Mama mkubwa, Elizabeth Branwell, akaja kutoka Penzance kuwalea, na hakurudi tena kwao.

Chini ya kioo nimeviona vitabu vyao vya utotoni. Mwaka 1826 baba alirudi kutoka Leeds na askari wa mbao 12 wa kuchezea, zawadi ya Branwell, mtoto wa kiume wa pekee. Kila mtoto akachukua askari wake akampa jina, na kuanzia hapo wakaanza kuwatungia habari, kisha kuziandika katika vitabu vinavyotoshana na kiberiti, kwa herufi ndogo zinazoigiza chapa. Nilipewa kioo cha kukuzia na bado macho yaliniuma.

Jambo moja lilinishika hapo kwa muda mrefu. Nchi waliyoitunga iko Afrika Magharibi. Mashujaa wao wanasafiri kwa meli, wanapigana na Waashanti, wanajenga mji wa fahari juu ya ardhi ya watu. Watoto wa kasisi walisoma magazeti ya baba na kutazama ramani, wakaligawa bara letu mezani, karibu miaka 60 kabla ya wakubwa kuketi Berlin na kufanya hivyo kweli. Ninampenda Charlotte, na hili sitalificha darasani. Ndilo pia linalonifanya nimsome Bertha Mason wa *Jane Eyre* kwa makini, mke wa Rochester (bwana anayependwa na Jane) kutoka Jamaika aliyefungiwa darini: mwanamke wa mbali ambaye mwandishi alimpa kelele na moto bila kumpa sentensi hata moja ya kujieleza.

Chumba cha kulia. Sijui nikieleze vipi. Ni kidogo kuliko nilivyokiwaza. Katikati kuna meza ya mbao nyekundu yenye doa kubwa la wino na herufi E iliyochongwa kwa kisu. Kila usiku saa tatu baba alifunga milango, akapitia kuwaambia mabinti wasichelewe kulala, akapanda ngazi na kuitia ufunguo saa ya ukutani katikati ya ngazi. Hapo ndipo Charlotte, Emily na Anne walipokuwa wakiweka kando ushonaji na kuanza kuizunguka meza hii, wakisomeana walichoandika na kubishana. *Jane Eyre* ilizungushwa hapa, na *Wuthering Heights*, na *Agnes Grey*. Zote tatu zilitoka mwaka 1847, chini ya majina ya bandia, Currer, Ellis na Acton Bell, yasiyomwonyesha mwandishi kuwa mwanamke.

Baada ya miezi 20 hivi tangu kitabu cha Charlotte kutoka, wadogo zake wote watatu walikuwa wamekufa. Mtumishi wao, Martha Brown, alimsimulia Elizabeth Gaskell, mwandishi wa wasifu wa Charlotte, kwamba jikoni walikuwa wakimsikia usiku, akiizunguka meza peke yake, na kwamba moyo ulimuuma kuzisikia hatua za mtu mmoja.

Nilihesabu hatua zangu kandokando ya kamba inayozuia wageni. Mzunguko wa meza ile hauchukui hata dakika moja.

Jumamosi, Juni 14. Nyikani

Nyuma ya nyumba ya kasisi unaanza uwanda wa juu usio na miti, majani magumu na vichaka vifupi vinavyotoa maua ya zambarau Agosti. Sasa ni kahawia tu. Upepo haukupumzika hata kidogo. Vibao vya njia vimeandikwa Kijapani pia, kwa jinsi wasomaji wanavyotoka mbali.

Nilitembea hadi Top Withens, gofu la nyumba ya shamba ambalo wengi hulihusisha na *Wuthering Heights*. Ukutani kuna kibao kinachosema waziwazi kwamba jengo hili, hata lilipokuwa zima, halikufanana na nyumba ya kitabuni. Nilikiheshimu kibao hicho. Ninaowafundisha hutaka kila kitu kiwe na kitu chake: nyumba hii ndiyo ile, mtu huyu ndiye yule. Kwa Emily haiwi hivyo.

Kwa Charlotte mara nyingi huwa hivyo, na nyika ndipo mahali pa kumtafuta Shirley. Katika riwaya ya *Shirley*, iliyotoka Oktoba 1849, binti tajiri asiyeogopa mtu anang'atwa na mbwa anayedhaniwa ana kichaa. Hamwambii yeyote. Anaingia ndani, anachukua chuma cha moto na kujichoma jeraha mwenyewe. Emily alifanya hivyo, jikoni, vilevile. Mbwa wa Shirley, yule mkali anayemtii mtu mmoja, ni Keeper wa Emily. Ukosi wake wa shaba niliuona jana, mpana kuliko mkono wangu.

Charlotte alimwambia Gaskell kwamba alimchora Shirley kama Emily ambavyo angekuwa, lau angepata afya na mali. Emily alikufa Desemba 19, 1848, akiwa na miaka 30, amekataa daktari hadi siku yenyewe. Miezi michache baadaye dada yake yuko mezani, anampa farasi, mashamba, cheo cha mwenye ardhi na mume. Nilipita mara nyingi juu ya sura hizo nikiziona zimerefushwa mno. Huku juu, masikio yakivuma kwa upepo, niliona kwa nini hakutaka kuzimaliza.

Jumapili, Juni 15. Cowan Bridge na Tunstall

Siku hii niliipanga. Leo ni miaka 200 kamili tangu Elizabeth Brontë, dada wa pili, afariki. Binti wa kaka aliomba ruhusa kazini akanipeleka kwa gari.

Kando ya barabara kubwa, karibu na daraja la mto mdogo, kuna safu ya nyumba za mawe zilizopakwa rangi, watu wanaishi humo, maua dirishani. Hicho ndicho kilichobaki cha shule ya mabinti wa makasisi iliyoanzishwa na William Carus Wilson. Karo ilikuwa pauni 14 kwa mwaka, na kwa kasisi mjane mwenye watoto sita hiyo ilikuwa neema. Mwaka 1824 akawaleta wanne: Maria, Elizabeth, Charlotte mwenye miaka minane, kisha Emily aliyekuwa hata saba hajafika. Daftari la shule liliandika kwamba Charlotte ni mwerevu kwa umri wake ila hajui lolote kwa mpango.

Uji uliungua na ukaliwa hivyohivyo. Maria alipokuwa kitandani mgonjwa, ubavuni ana kidonda cha dawa ya kubandikwa, mwalimu mmoja alimvuta kwa nguvu hadi katikati ya sakafu kwa kuchelewa kuamka. Aliyeona alimsimulia Gaskell. Februari 1825 Maria alirudishwa nyumbani na kifua kikuu, akafa Mei 6, ana miaka 11. Elizabeth alirudishwa mwisho wa Mei. Kesho yake baba alikuja mwenyewe kuwachukua waliobaki. Wiki mbili baadaye Elizabeth naye alizikwa, ana miaka 10. Charlotte, wa tatu kuzaliwa, akawa mkubwa.

Jumapili wasichana walitembea kutoka hapa hadi kanisa la Tunstall, zaidi ya kilomita tatu, majira yote, hata kwenye theluji. Tukatembea. Ni njia ya mashamba, kondoo kila upande, na leo jua lilikuwa zuri hata nikaona haya. Tunstall ina chumba kidogo juu ya ukumbi wa mlango. Humo walikula chakula baridi walichobeba, wakasubiri ibada ya pili, miguu ikiwa na unyevu. Kitabuni shule inaitwa Lowood, kanisa ni Brocklebridge, Carus Wilson amekuwa bwana Brocklehurst anayesimama kama nguzo nyeusi mbele ya watoto wenye njaa. Watu wa Carus Wilson walilalamika sana baadaye.  Kuhusu Helen Burns, aliyemchora kwa kumkumbuka dada yake Maria, Charlotte alimwandikia mtu wa kampuni iliyomchapa kwamba hajaongeza chumvi popote.

Lakini kuna kitu aliongeza. Maria alifia Haworth, na Charlotte siku hiyo alikuwa bado huku, katika nyumba hizi zenye maua dirishani. Hakumuaga dada yake. Sasa fungua kitabu. Jane anatoka kitandani usiku, anavuka jengo zima pekupeku, anapanda kitanda cha Helen na kujifunika naye shuka moja. Wanazungumza juu ya Mungu. Wanalala. Asubuhi mwalimu anamkuta Jane ameulaza uso begani kwa Helen, mikono yake shingoni mwake. Jane amelala, Helen ameshakufa. Miaka zaidi ya ishirini ilipita kabla Charlotte hajakiandika kitanda hicho na kujiweka humo.

Lile doa la mafuta ya taa nililitia mimi. Dada yangu mkubwa, aliyenifundisha kusoma, alifariki nikiwa bweni, na habari ilinifika siku mbili baada ya maziko. Nilisoma ukurasa huu usiku ule na taa ikanipinduka mkononi.

Tulikaa Tunstall makaburini hadi saa tisa. Kaburi la Helen, Charlotte anasema, lilikaa miaka 15 bila alama, kisha likawekwa bamba la marumaru lenye jina lake na neno moja la Kilatini, *Resurgam*: Nitafufuka. Hasemi nani aliliweka.

Jumatatu, Juni 16. Manchester

Mvua, na mtaa wenyewe haupo tena kwa sura ile. Majengo ya chuo kikuu yamejaa pande zile. Nilifika kwa ajili ya chumba kimoja tu.

Agosti 1846 Charlotte alimleta baba yake hapa kupasuliwa mtoto wa jicho. Alikuwa na miaka 69, haoni karibu chochote. Daktari William James Wilson alilipasua jicho moja bila dawa ya usingizi, kwa sababu bado haikuwepo. Kazi ilichukua kama dakika 15, na mzee alitulia tuli. Kisha akalazwa chumbani gizani, macho yamefungwa vitambaa, asiguswe na mwanga wala kelele. Siku ileile ya upasuaji, Charlotte alirudishiwa mswada wa riwaya yake ya kwanza, *The Professor*, umekataliwa kwa mara nyingine. Mwenyewe jino linamuuma. Akakaa katika nyumba ya kupanga, ukuta wa pili baba yake akiwa gizani, akaanza *Jane Eyre*.

Sasa mtazame Rochester mwisho wa kitabu. Moto umempofusha. Anakaa katika chumba chenye giza, ananyoosha mkono kumtafuta aliyeingia. Jane anamsomea, anamwongoza njiani, anakuwa macho yake. Baada ya miaka miwili anaanza kuona kwa jicho moja. Walimu wenzangu wana mihadhara mirefu juu ya upofu huo, kwamba ni adhabu, kwamba ni kumshusha mwanaume kiburi. Huenda. Mimi naona binti aliyekuwa akimpelekea baba maji, akimwambia ni saa ngapi, asijue kama jicho litarudi. Lilirudi. Patrick alihubiri tena, akasoma tena, na akaishi hata baada ya watoto wake wote kufa. Alifariki 1861, ana miaka 84.

Jumanne, Juni 17. Scarborough

Wote wamezikwa Haworth isipokuwa Anne, kitindamimba. Alitaka kuona bahari. Charlotte na rafiki yao Ellen Nussey walimleta hapa Mei 25, 1849. Siku iliyofuata alipandishwa mkokoteni wa punda ufukweni, akaomba ashike hatamu mwenyewe ili mwenye punda asimkimbize mnyama kupita kiasi. Mei 28 alikufa, ana miaka 29, akimwambia dada yake ajipe moyo. Jiwe la kaburi liko juu, chini ya ngome, limeliwa na upepo wa chumvi, na linasema miaka 28. Kuna bamba jipya la kusahihisha.

Hapa ndipo Charlotte alipobadilika, na ushahidi uko ndani ya *Shirley*. Aliianza ndugu wote wakiwa hai. Akaisimamisha, akazika watatu, akarudi. Sura ya kwanza aliyoandika aliporudi ina jina la bonde la uvuli wa mauti: Caroline Helstone anadhoofika kitandani, homa haitoki. Msomaji anayejua tarehe anasoma huku ameshika roho. Charlotte hakumwacha Caroline afe. Alimpa mama. Mlezi anayemuuguza anamfichulia kwamba ndiye aliyemzaa, na Caroline anapona.

Februari iliyofuata, kitabu kikiwa madukani, Patrick alimkabidhi Charlotte barua za mama yake za enzi za uchumba, karatasi zilizokuwa zimeshageuka manjano. Ana miaka 33, ndiyo mara ya kwanza anaisikia sauti ya mama yake katika maandishi. Caroline alishapewa wake.

Jumatano, Juni 18

Treni, London, treni chini ya bahari. Nimesoma *Villette*, riwaya ya Charlotte niliyoinunua Haworth.

Alhamisi, Juni 19. Brussels

Mwaka 1842 Charlotte na Emily walikuja hapa kusoma Kifaransa katika shule ya familia ya Heger, mtaa wa Isabelle, ili siku moja wafungue shule yao. Mwaka uliofuata Charlotte alirudi peke yake, mwanafunzi na mwalimu kwa pamoja. Alimpenda Constantin Heger, mwalimu wake, mume wa mwenye shule. Heger alimpa kitu ambacho hakuna mtu wa nje ya meza ile aliwahi kumpa: aliyasoma maandishi yake mstari kwa mstari, akakata maneno, akauliza kwa nini.

Mtaa ulivunjwa zamani. Unashuka ngazi karibu na sanamu ya jenerali Belliard, mahali aliposhuka yeye, unakuta jumba kubwa la sanaa. Kipande cha mtaa kimebaki chini ya ardhi kwenye makumbusho ya Coudenberg. Nilitembea juu ya mawe hayo, taa za umeme zikiwaka mchana.

Aliporudi Uingereza alimwandikia. Barua nne zimesalia na ziko Maktaba ya Uingereza, London. Tatu kati yake zilichanwa vipande. Mkewe Heger alivikusanya akaviunganisha, vingine kwa uzi. Pembeni mwa barua moja, ambamo Charlotte anaomba ajibiwe hata mistari michache, Heger ameandika anwani ya fundi viatu.

Mwisho nikaingia kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli na Gudula. Septemba 1, 1843, shule ikiwa likizo na yeye amebaki peke yake kwenye mabweni matupu, Charlotte, binti wa kasisi wa Kiprotestanti, alipiga magoti humu kwenye kitubio cha Wakatoliki. Alimwandikia Emily, akamwomba asimwambie baba. Miaka kumi baadaye Lucy Snowe wa *Villette* anafanya hivyo, katika likizo kama ile, mvua ikinyesha. Vitubio ni vya mbao nyeusi iliyochongwa. Niligusa ubao wa kupigia magoti, umebonyea katikati.

Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango nikamaliza kitabu. Paul Emanuel, mwalimu mfupi mwenye hasira na moyo mwema, aliyechorwa kwa Heger, amemfungulia Lucy shule, wameahidiana, amekwenda Guadeloupe miaka mitatu, na sasa meli inarudi. Patrick, aliyesomewa, alimsihi binti yake ampe msomaji mwisho mwema. Maria alipewa bega la kufia, Emily mashamba, baba jicho lake, Caroline mama. Kwa Paul, Charlotte alishindwa, akakubali tu kufunika maneno ili mzee na wanaotaka kutumaini waweze kutumaini. Tufani inavuma siku saba, bahari inajaa vipande vya meli. Hasemi alikufa. Anaandika kwamba watu watatu waliomfanyia Lucy hila waliishi wakafanikiwa, mmoja wao akafika miaka 90. Kisha neno moja, Kwaheri, na ukurasa uliobaki ni mweupe.